Mtoto Aliyekanwa: The Clash na Albamu Yao ya Mwisho

Katika masomo yetu ya fasihi tumezoea kuambiwa kwamba kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa msanii huwa mali ya jamii. Tunaliandika hilo kwenye mitihani na tunapewa alama. Lakini je, msanii mwenyewe akigeuka akasema, "Ile msiihesabu, si yangu," jamii ifanye nini? Imtii au imkatalie? Na ikimkatalia, imkatalie kwa hoja gani? Hilo ndilo swali la makala haya. Nitalijibu kwa mfano ambao najua baadhi ya walimu wangu watauona wa ajabu kidogo katika jarida la fasihi: bendi ya Kiingereza iliyopiga muziki wa panki, The Clash, na albamu yao ya mwisho, Cut the Crap, iliyotoka Novemba 1985. Jina hilo kwa Kiswahili cha adabu ni "Acheni Upuuzi". Kwa Kiswahili kisicho cha adabu msomaji ajitafsirie mwenyewe.

Nisiwafiche, The Clash sikuwajulia chuoni. Niliwajua kwa mjomba wangu, Tanga. Mjomba alisoma uhasibu London kuanzia 1983 hadi 1986, akarudi na shahada, koti zito lisilovalika pwani, na kasha la kanda. Katika kasha hilo zimo albamu tano za The Clash. Ya sita haimo. Aliinunua, akaisikiliza mara moja, akampa mtu. Likizo iliyopita nilimpigia nyimbo za albamu hiyo kwenye simu yangu nikidhani namfurahisha. Hata wimbo wa pili haukwisha. "Zima, bwana. Hiyo siyo The Clash." Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mpole, ambaye sijapata kumwona akigombana hata na makondakta, anakasirikia wimbo wenye umri wa miaka arobaini! Nikajua hapa pana jambo la kuchunguza.

Kwa wasiowajua, nieleze kwa ufupi. Bendi iliundwa London mwaka 1976. Joe Strummer, mtoto wa ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje aliyezaliwa Ankara, ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu na mtunzi wa sehemu kubwa ya maneno. Mick Jones alipiga gitaa na ndiye aliyekuwa na sikio la tuni. Paul Simonon alishika besi, na Topper Headon akaja baadaye kidogo kupiga ngoma. Panki ulikuwa muziki wa haraka, wa kelele, usiohitaji ufundi mwingi. Ilitosha kujua kodi tatu za gitaa na kuwa na hasira. Wanaokumbuka ugomvi wetu wa mashairi huru miaka ya 70, Kezilahabi alipotoa Kichomi na wenye arudhi wakauliza kama huo nao ni ushairi, watauelewa mshtuko wa Waingereza bila maelezo zaidi.

Ila The Clash hawakubaki katika kodi tatu. Tayari katika albamu ya kwanza, mwaka 1977, waliimba "Police and Thieves" wa Mjamaika Junior Murvin, na kuanzia hapo rege haikuwatoka. Desemba 1979 wakatoa London Calling, santuri mbili kwa bei ya moja. Jina hilo limetokana na maneno ya watangazaji wa BBC walipokuwa wakiita ulimwengu wakati wa vita, na mjomba, aliyekulia pembeni ya redio ya babu iliyofunguliwa Idhaa ya Kiswahili kila jioni, anasema alicheka alipoliona dukani. Mwaka uliofuata wakatoa Sandinista!, santuri tatu kwa bei ndogo, wakakubali kupoteza mirabaha ili vijana wasio na fedha wainunue. Combat Rock ya 1982 ikawapeleka hadi kwenye viwanja vya mpira vya Marekani. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kupasuka. Headon alifukuzwa mwaka huohuo kwa sababu ya heroini. Septemba 1983 akafukuzwa Jones, yaani mwenye tuni! Nyuma ya mambo hayo alikuwapo meneja wao, Bernard Rhodes, mtu ambaye kila masimulizi ya bendi hii yanampa nafasi ile ambayo hekaya zetu humpa waziri mbaya wa sultani.

Strummer na Simonon wakaajiri vijana wawili, Nick Sheppard na Vince White, wakabaki na mpiga ngoma Pete Howard, wakatangaza kwamba wanarudi kwenye panki ya asili. Huo ulikuwa mwaka 1984, na msomaji lazima ajue ulikuwa mwaka wa namna gani Uingereza. Mwezi Machi wachimba makaa ya mawe waligoma kupinga mpango wa kufunga machimbo 20 na kuondoa ajira zipatazo 20,000. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imejiandaa kwa akiba ya makaa na kwa polisi. Mgomo ulidumu karibu mwaka mzima. Desemba 1984 The Clash mpya ilipiga usiku mara mbili katika ukumbi wa Brixton Academy kuwachangia wagomaji. Mjomba alikwenda, ila hakumbuki ni usiku upi kati ya ile miwili. Anachokumbuka ni ndoo za plastiki zilizopitishwa mlangoni kukusanya sarafu, na kwamba aliporudi chumbani kwake sauti ilikuwa imemkauka. Machi 1985 wachimba migodi walirudi kazini bila mkataba wowote. Wameshindwa.

Albamu ilirekodiwa katika miezi hiyohiyo ya mwanzo wa 1985, tena si Brixton bali Munich. Rhodes aliishika studio. Akajipachika jina la bandia la Jose Unidos kama mtayarishaji, akajiandika mtunzi mwenza wa nyimbo pamoja na Strummer, na nafasi ya Howard kwenye ngoma ikachukuliwa na mashine. Ilipotoka Novemba bendi ilikuwa imekwisha kufa kimyakimya. Onyesho la mwisho lilikuwa Athens mwezi Agosti. Wahakiki wa magazeti ya muziki waliichana vipandevipande.

Tazameni sasa yaliyofuata. Mwaka 1988 ukatoka mkusanyo uitwao The Story of the Clash, na ndani yake hakuna hata wimbo mmoja wa albamu ya 1985. Mwaka 1991 likatoka kasha la Clash on Broadway, pia hakuna. Mwaka 2013 waliobaki wa bendi wakatoa kasha kubwa la Sound System lenye albamu zao za studio, wakahesabu tano. Tano! Nilipoliona hilo nilikumbuka lile kasha la Tanga. Mjomba alikuwa ameshafanya uhariri huo peke yake, miaka mingi kabla ya kampuni. Wimbo mmoja tu, "This Is England", ndio uliosamehewa. Umeingizwa katika mkusanyo wa 2003 na katika kasha la nyimbo mojamoja la 2006. Mtoto amekanwa, lakini kidole chake kimoja kimehifadhiwa.

Mashabiki hawakukubali wote. Katika miaka ya karibuni limekua kundi linalodai kesi ifunguliwe upya. Vince White aliandika kumbukumbu zake chungu mwaka 2007. Mwaka 2018 Mark Andersen na Ralph Heibutzki wakatoa kitabu kizima juu ya miaka ya mwisho ya bendi, wakiisimulia sambamba na Thatcher na Reagan. Lakini ushahidi mkubwa wa mashabiki hawa ni kanda za maonyesho ya 1984, zilizorekodiwa ukumbini kwa siri na kupitishwa mkono kwa mkono. Humo nyimbo nyingi za albamu zinasikika kabla hazijafika Munich, zikipigwa na watu watano wenye gitaa tatu na ngoma halisi. Zimo pia nyimbo ambazo hazikuingia kabisa, kama "In the Pouring Rain". Hoja yao ni hii: nyimbo zilikuwa nzuri, Rhodes akaziharibu, ondoa takataka za mashine utaikuta The Clash ya kweli imelala chini yake. Wapo hata waliothubutu kuitengeneza albamu upya wenyewe, wakaweka ngoma za mtu mahali pa mashine.

Kwa mwanafunzi wa fasihi jambo hili si geni. Ni kazi ya mhariri wa miswada. Mashairi yetu ya kale yana nakala ngapi zinazopingana? Mhariri anakaa na miswada mitatu ya utenzi mmoja, anaamua beti zipi ni za mtunzi na zipi zimetiwa na mnakili, na anatupa toleo "safi". Mashabiki wa The Clash wamefanya hivyohivyo bila kufundishwa na profesa yeyote, na nawavulia kofia. Wamesikiliza kwa makini kuliko wahakiki wa 1985.

Pamoja na hayo, nadhani wamekosea, na hapa ndipo mchango wangu ulipo, kama upo.

Wanaposema "ondoa mashine", wanachukulia kwamba fani ni nguo tu ambayo maudhui yameivaa, kwamba ukiivua nguo mbaya utaukuta mwili mzuri. Hilo tulishalikataa tangu mwaka wa kwanza. Hebu tuisikilize albamu kama ilivyo, na makosa yake.

Jambo la kwanza linalompiga msikilizaji ni umati. Karibu kila kiitikio kinaimbwa na kundi kubwa la wanaume wakipaza sauti kwa pamoja, kama mashabiki wa mpira jukwaani. Wimbo uitwao "We Are the Clash" ndio mfano mkubwa zaidi. Kisarufi kichwa hicho ni nafsi ya kwanza wingi, sisi. Sisi akina nani? Mwaka 1984, Brixton, jibu lilikuwa wazi, kwa maana watu elfu kadhaa walikuwa ukumbini na ndoo za mchango zilikuwa mlangoni. Munich mwaka 1985 hapakuwa na umati. Walikuwapo waimbaji studio, sauti zao zikirundikwa moja juu ya nyingine mpaka zisikike kama umati. Chini yao inadunda mashine ambayo haichoki, haikosei, wala haigomi.

Nasema tena, haigomi. Mpiga ngoma yupo kwenye bendi, ana mkataba wa mshahara, lakini kazi yake imepewa mtambo, na juu ya mtambo huo watu wanaimbishwa habari za umoja wa wafanyakazi. Sijui kama Rhodes aliona kinaya hicho. Nadhani hakuona. Strummer, ambaye baba yake alifariki mwaka 1984 na ambaye nyakati hizo alipata mtoto, huenda hakuwa na nguvu ya kuona lolote. Haidhuru. Tulioanza kumsoma Barthes kabla hatujamwelewa tunajua kwamba hatuhitaji ruhusa ya mtunzi ili tuione maana. Mapatano kati ya fani na maudhui yamevunjika katika albamu hii, na mpasuko huo ndio unaosema kweli juu ya 1985 kuliko nyimbo zenyewe zinavyosema. "Sisi" limebaki neno. Wenyewe wametawanyika, wamerudi kwenye machimbo yanayosubiri kufungwa. Ukitia ngoma za mtu mahali pa mashine, unapata albamu nzuri zaidi ya panki inayodanganya kwamba umati bado upo.

Sikilizeni "This Is England" kwa masikio hayo. Unaanza na sauti ya mchuuzi akinadi bidhaa rahisi sokoni. Kisha inaingia mashine ya ngoma, polepole kuliko mahali pengine popote katika albamu, na kinanda cha umeme kilichotanda kama ukungu. Msimuliaji anatembea katika nchi ambayo anaitaja jina kana kwamba anamtambua maiti. Kuna baridi, kuna polisi, kuna viwanda vilivyonyamaza, kuna upepo kutoka Atlantiki ya Kusini, yaani kutoka vita vya Falklands vya 1982. Halafu kinakuja kiitikio cha umati, lakini mara hii umati hautishi mtu. Unasikika kwa mbali, kama uwanja wa mpira unaousikia ukiwa mtaa wa tatu, wewe mwenyewe huna tiketi. Hapa kila kosa la albamu limegeuka kuwa chombo. Hata Strummer, aliyeikataa albamu, wimbo huu aliusifu. Ulifika nafasi ya 24 katika orodha ya Uingereza, si haba kwa wimbo wa huzuni kiasi hicho.

Nisije nikaonekana wakili wa shetani. Kuna nyimbo humu haziokoleki kwa nadharia yoyote. "Fingerpoppin'" ni aibu, na "Play to Win" ni rundo la vipande ambavyo havikupata hata wakati wa kuungana. "Movers and Shakers" unawasifu vijana wanaobangaiza mitaani kwa sarafu kana kwamba kubangaiza ni ushujaa. Ukimpigia kijana anayeuza maji ya chupa stendi ya Ubungo na kumfasiria, atakuuliza kama una akili timamu. Upande mwingine upo "Three Card Trick", ambao nashangaa mashabiki hawautaji mara nyingi. Unatumia mchezo wa karata tatu, uleule tunaoujua sisi, wa jamaa na meza ndogo ya kukunja anayekuonyesha karata, anaifunika, na fedha yako imekwenda. Taswira hiyo ya utawala ni nyepesi kueleweka na ngumu kusahaulika. Sheppard naye anaimba "North and South" kwa sauti ya kawaida ya mtu wa kawaida, na kwa dakika chache albamu inapumua.

Kuna jambo lingine linalonifanya niwashuku wahakiki wa wakati ule. Mwaka huohuo wa 1985 Mick Jones alitoa albamu ya kwanza ya bendi yake mpya, Big Audio Dynamite. Nayo ilijaa mashine za ngoma na vipande vya sauti vilivyonyofolewa kwenye filamu. Ilisifiwa kuwa ni sauti ya kesho. Kwa hiyo nusu mbili za bendi moja, zisizosemezana, zilikimbilia mitambo ileile mwaka uleule. Moja ikavikwa taji, nyingine ikapigwa mawe. Bila shaka Jones aliijua mitambo na Rhodes hakuijua, nakubali. Lakini siamini kwamba ustadi tu ndio uliopimwa. Jones alikuwa anaalika watu kwenye dansi. Ile nyingine ilikuwa inaomba msikilizaji akumbuke jambo ambalo mwisho wa 1985 wengi walitaka kulisahau.

Na zile albamu tano halali, hatima yake ikawaje? Mwaka 1991 "Should I Stay or Should I Go" ulitumika katika tangazo la jinzi za Levi's na ukafika namba moja Uingereza, heshima ambayo bendi haikuipata wakati wa uhai wake. Mwaka 2002 "London Calling", wimbo wa maangamizi na mafuriko, ulisindikiza tangazo la magari ya Jaguar. Silaumu, wasanii nao wanakula. Ila sijasikia kampuni iliyokwenda kuomba wimbo kutoka Cut the Crap ili iuze suruali. Hilo halitoshi kuifanya kazi iwe bora, mashairi mabaya mengi pia hayajawahi kuuza suruali. Nalitaja kwa sababu wale wanaosema albamu hii iliuchafua urithi wa bendi wangepaswa kutueleza kwanza uchafu ni nini.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu, ingawa si sawa kabisa. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, wasomaji waliomlelea Rosa Mistika na Dunia Uwanja wa Fujo walipigwa na butwaa. Wengi walimtaka Kezilahabi wao arudi. Lakini hakuna aliyechapisha orodha ya riwaya zake akaziruka hizo mbili, na leo vitabu hivyo vyembamba vimeandikiwa uhakiki mnene. Kwetu kazi ngumu iliachwa mezani mpaka wasomaji wakaifikia. Ya The Clash iliondolewa mezani, na walioirudisha ni mashabiki, si bendi wala kampuni. Kwa hilo ugomvi wangu nao ni ugomvi wa ndani ya nyumba.

Nilimsomea mjomba rasimu ya makala haya barazani. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akanijibu jambo ambalo nimejaribu kulipinga kwa wiki kadhaa.

"Mpwa wangu, maneno yako mazuri. Lakini wewe unakaa hapa unaonja kushindwa kwetu kama mtu anayeonja mchuzi. Unasema mashine ile ni maana. Mimi nilizisikia nyimbo zile zikipigwa na watu, mbele yangu, wanatoka jasho. Nikanunua kanda nikidhani nitalisikia lile jasho. Nikaambulia kinanda. Ilikuwa kama mtu ameniambia sikuwepo."

Nikamwambia kwamba ndiyo hoja yangu hasa, kwamba albamu inamwambia msikilizaji kuwa umati haupo tena.

"Sasa kwa nini unaisifu?"

Sina jibu zuri. Ninaweza kusema mhakiki hasifu, anafafanua, lakini hilo ni jibu la mtihani na mjomba hasahihishi mitihani. Ni kweli kwamba mimi nilizaliwa baada ya mgomo ule, mbali na machimbo yale, na kwamba ufa ninaouona mzuri kwenye kurasa za jarida ulipita katikati ya watu. Mashabiki wanaotaka ngoma za mtu zirudishwe hawajakosea kiadili, hata kama naamini wamekosea kihakiki. Wanataka kumrudishia Howard kazi yake. Nani atawalaumu? Labda hapa kuna tofauti kati ya kazi anayoihitaji mtu aliyekuwapo na kazi anayoihitaji mtu aliyekuja baadaye, na albamu moja haiwezi kuwatumikia wote wawili. Mimi naihitaji ile iliyoharibika. Kwangu, kanda safi za 1984 ni za kupendeza na zinanifanya nitamani ningekuwapo, basi. Ni ile albamu mbovu inayonieleza ilikuwaje jambo lile likafikia mwisho.

Niliendelea kutafuta na nikapata jambo moja ambalo nilimpelekea mjomba badala ya jibu. Mei 1985, baada ya kurekodi na kabla albamu haijatoka, Strummer na wenzake wanne walisafiri kaskazini mwa Uingereza na Uskoti na magitaa ya kawaida yasiyo na umeme, wakaimba mitaani, Nottingham, Leeds, Newcastle, mpaka Glasgow. Waliishi kwa sarafu walizotupiwa na kulala nyumbani kwa mashabiki. Hawakuwa na mashine wala meneja wa kuwaamulia. Umati wao ulikuwa watu waliosimama njiani. Mjomba hakuwahi kulisikia hilo. Alikuwa London wakati huo, akijiandaa kwa mitihani.

Nikamweleza pia habari ya tarehe 15 Novemba 2002, ukumbi wa manispaa wa Acton, magharibi mwa London. Strummer na bendi yake ya uzeeni, The Mescaleros, walikuwa wakipiga kuwachangia wazima moto waliokuwa wamegoma. Mick Jones alikuwa miongoni mwa watazamaji. Katikati ya wimbo akapanda jukwaani, akachukua gitaa, na kwa mara ya kwanza tangu 1983 wakapiga pamoja. Ilikuwa tena harambee ya mgomo, kama Brixton. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Desemba, Strummer alifariki akiwa na miaka 50. Nyimbo walizopiga pamoja usiku ule zilikuwa zile za zamani.

Mjomba aliuliza kama wazima moto walishinda. Nikamwambia hawakupata walichodai. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kuswali.

Asubuhi niliyoondoka alinipa simu yake nimwekee wimbo mmoja, ule wa mchuuzi na ukungu. Zilizobaki kumi na moja akasema nikae nazo mwenyewe.